Tawi Lisilo na Kibali

Ipo nchi inaitwa Shwari, na usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana wenyewe waliifuta ili majirani wasiionee wivu. Huko hakuna tatizo hata moja. Ukibisha unaonyeshwa sheria, kifungu cha nne, imeandikwa kabisa: tatizo ni marufuku, na anayeliona ndiye aliyelileta.

Sasa katikati ya mji mkuu wa Shwari, pale penye maduka ya magodoro, mafundi saa na wauza simu za mtumba, kuna Mtaa wa Pongezi. Juu ya paa la ofisi ya mtaa zimefungwa spika nne, mdomo wa kila moja kama beseni la kufulia, zimeelekezwa pande zote nne za dunia. Na chini ya hizo spika, kwenye chumba chenye feni isiyozunguka, ndipo alipokuwa anakaa Fikirini.

Fikirini alikuwa Msomaji Rasmi wa Habari za Mtaa. Umri miaka thelathini na saba, shati limenyooka muda wote, na sauti, yaani sauti ya yule jamaa acha tu. Nzito, imetulia, inatoka kifuani kama mtu anasogeza kabati. Akisema "ndugu wananchi" hata mbwa wa buchani anakaa kitako. Na mwenyewe alijijua. Kila asubuhi alikunywa tangawizi ya moto kuilinda hiyo sauti, na akikutana na vumbi njiani alifunga mdomo kwa leso kama bibi harusi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tukio likitokea mtaani, linaandikwa, linapelekwa Dawati la Kulainisha. Pale linalinganishwa na Jedwali la Maneno Badala, kitabu cha kurasa mia tatu na kumi na mbili, halafu linarudi kwa Fikirini limeshakuwa laini, anasoma saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Maji yakikatika, Jedwali linasema mabomba yamepumzishwa. Umeme ukikatika, giza limeruhusiwa kwa muda. Duka la magodoro lilipoungua mpaka bati la mwisho, Fikirini alitangaza kwamba mtaa umepata ongezeko la joto lenye mwanga. Takataka zilipokaa wiki sita bila kubebwa, akatangaza kwamba mtaa sasa una mlima wake, na watalii wanakaribishwa.

Usije ukadhani habari hizo hazikuwa na faida. Watu wa Mtaa wa Pongezi walizisikiliza kuliko watu wa nchi zenye habari za kweli wanavyosikiliza za kwao. Ila walikuwa wanazigeuza. Fikirini akisema leo maji ni tele, kina mama wanaacha kila kitu, wanakimbia na ndoo kukinga kabla hayajakata. Akisema barabara ya sokoni iko wazi, madereva wote wanapiga kona. Akisema sukari imejaa maghalani, dukani kunapangwa foleni mpaka kwenye ngazi za posta. Mtu alikuwa anasikiliza, anapinda jambo kichwani, anachungulia nje kuhakikisha, basi, siku inakwenda. Mtaa mzima uliishi hivyo na hakuna aliyeumia.

Kasoro kwa mtu mmoja tu, Mzee Dilunga.

*

Huyu Mzee Dilunga alikuwa fundi wa kusuka viti. Alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, kamba za plastiki za kila rangi ziko miguuni, anasuka kwa vidole tu, kwa sababu macho yalikuwa yamekwishazima miaka kumi na tisa iliyopita. Rangi alizijua kwa kunusa. Ukimbishia anakunusisha na wewe, halafu anakucheka ukijifanya umeelewa.

Sasa fikiria. Kugeuza habari kunataka macho. Ukisikia bomba limepumzishwa lazima uchungulie uone limekauka au limepasuka. Mzee hakuwa na cha kuchungulia nacho. Kwa hiyo wawili hawa walikuwa na mpango wao. Kila siku Fikirini akimaliza kusoma saa tatu, anashuka, anavuka mpaka barazani, anakuta vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu vimeshamiminwa. Anakaa kwenye kiti ambacho hakijaisha, anainama, na kwa sauti ya chini anamwambia Mzee mambo yalivyo. Usipite kwa muuza ndizi leo, kuna tope mpaka kwenye kifundo. Lile duka la kwenye kona wamelaza nguzo zao njiani. Jumatatu mgambo wanapita kwenye mabaraza, viti vifiche ndani.

Mzee ndiye aliyezipa majina. Ile ya juu ya paa aliiita habari ya spika. Hii nyingine, habari ya kahawa. Na alikuwa anamtania Fikirini kwamba kati ya watu wote aliowahi kukutana nao, yeye peke yake ndiye anayedanganya kwa sauti kubwa na kusema kweli kwa kunong'ona, wenzake wanafanya kinyume.

Fikirini alizipenda hizo dakika kumi. Ndizo zilizokuwa zinamlaza usingizi mzuri. Alijihesabia kwamba mdomo mmoja ni wa kulia ugali na mwingine ni wa kuwa mtu, na mradi haikutani, hana deni na yeyote.

*

Kisha mfuniko wa chemba ukapotea.

Chemba yenyewe ilikuwa katikati ya Mtaa wa Pongezi, ile ya maji machafu, kina chake mtu mzima na nusu. Mfuniko ulikuwa wa chuma cha zamani, mzito, umeandikwa mwaka wa uhuru. Jumatano ulikuwepo, Alhamisi haupo, na kila mtu alijua uko kwa wanunua vyuma chakavu, wameshaupima kilo. Dawati la Kulainisha lilifanya kazi siku mbili mfululizo, na Jumamosi Fikirini akasoma: mfuniko wa Mtaa wa Pongezi umekwenda masomoni.

Kwenye ukingo wa chemba hiyo alikuwa anakaa Mama Tausi, muuza mihogo ya kukaanga. Mwanamke mfupi, mkono wake ni mwepesi na mdomo pia. Aliposikia mfuniko umekwenda masomoni akasema atausubiri urudi na cheti, lakini kwa sasa hataki mtu amwangukie kwenye mafuta ya moto. Akavuka mpaka uani kwa posta, akavunja tawi la mwarobaini refu, lenye majani mengi, akalichomeka shimoni likasimama.

Hapa hakuna haja ya kueleza. Mtu yeyote aliyezaliwa Shwari akiona tawi limesimama barabarani anajua. Hasomi chochote, haulizi. Mikokoteni ikawa inakata kushoto, magari kulia, wapita njia kando kabisa. Wiki mbili hakuna hata kuku aliyetumbukia. Hata Mzee Dilunga akawa salama: akitoka barazani kurudi nyumbani saa kumi na nusu, fimbo yake inagusa majani, chwaa, anajua, anakata kushoto hatua tano. Alimwambia Fikirini kwamba yule mwarobaini ndiye msomaji mwenzake, tena wa cheo cha juu, maana hajawahi kupitishwa dawatini.

Fikirini alicheka. Baadaye aliwahi kujiuliza mbona alicheka.

*

Siku ya kumi na tano likaja gari la serikali, likashusha Bwana Kapungu. Cheo chake kilikuwa kirefu hivi: Mkaguzi Mkuu Msaidizi wa Matangazo Yasiyo na Mdomo. Alikuwa na tumbo la heshima, kalamu tatu mfukoni, na desturi ya kufumba macho akizungumza, labda ili asikatizwe na anachokiona. Aliamuru tawi lisiguswe, akalizungushia utepe, akawaita wananchi.

"Ndugu zangu," alisema, macho yamefumbwa, "tawi likiwa juu ya mti ni la Wizara ya Misitu, sisi hatuna ugomvi nalo. Lakini tawi likishasimama barabarani, linasema. Linasema hapa pana kitu. Nami nauliza kwa unyenyekevu: hicho kitu kimepitishwa na dawati gani?"

Mama Tausi ndiye aliyeuliza, huku anageuza mihogo, kama shimo lenyewe lina kibali.

"Shimo halihitaji kibali, mama, kwa sababu halipo," alijibu Bwana Kapungu kwa upole mkubwa. "Tawi ndilo lipo. Kwa hiyo ndilo linalohitaji."

Serikali ya Shwari haionei mtu wala mmea. Tawi likapewa nafasi ya kuomba kibali. Fomu ilitaka jina, ukoo, kazi ya mwombaji na picha mbili za pasipoti. Mama Tausi akalibeba hadi studio ya jirani, likakalishwa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu, na mpiga picha kwa mazoea akaliambia liinue kidevu. Picha zikarudishwa: masikio hayaonekani. Zikapigwa nyingine kwa ubavu. Zilipokuja kukubaliwa, siku nane zimepita, majani yamekauka, na Mama Tausi kwa moyo mzuri alikuwa ameshaweka tawi bichi. Bwana Kapungu akalinganisha picha na tawi, tawi na picha, akatikisa kichwa kwa huzuni. Hili silo. Makosa sasa yakawa mawili: kutangaza bila kibali, na kujifanya tawi jingine.

Uamuzi ukatoka siku hiyo hiyo. Tawi liondolewe, na aliondoe Msomaji Rasmi kwa mikono yake, ili umma uelewe kwamba mtaa una mdomo mmoja tu.

Bwana Kapungu alimwita Fikirini pembeni. Alimwambia amemsikia akisoma, na kwamba sauti kama ile kukaa juu ya bati ni matumizi mabaya ya rasilimali. Redio ya Taifa inatafuta msomaji wa saa mbili usiku. Studio ina zulia ukutani. Jina lake likipendekezwa na mtu wa ngazi fulani, hana la kusubiri. Hakusema mtu huyo ni nani. Alifumba macho tu, akatabasamu.

Fikirini akavaa glavu nyeupe walizomletea. Akalishika tawi, akalivuta. Lilitoka kirahisi, halikuwa na mzizi. Wapiga makofi walikuwa wamekuja na gari la serikali, wakapiga makofi, wakapanda gari.

*

Saa kumi alisoma kwamba Mtaa wa Pongezi ni tambarare kama mkeka. Wenyeji wakageuza kama kawaida yao, wakajua shimo liko pale pale, wakapita mbali.

Saa kumi na nusu alikuwa amesimama kando ya barabara na Bwana Kapungu, ambaye alibaki kuandika taarifa ya mafanikio. Mzee Dilunga akatoka barazani. Akaja na fimbo yake, tap, tap, akafika pale ambapo siku zote majani huwa yanamjibu. Hayakujibu. Akasimama. Akapapasa hewa kwa fimbo, kulia, kushoto. Kisha akageuza uso, na sijui alijuaje kwamba Fikirini yuko karibu, labda ni ile tangawizi.

"Fikirini, mwanangu," aliita. "Tawi silisikii. Shimo wameziba?"

Bwana Kapungu aliacha kuandika. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike mtaani macho yake yalikuwa wazi.

Fikirini angeweza kukohoa. Angeweza kusogea hatua mbili akamshika Mzee mkono, kama mtu anayesalimia. Yote hayo aliyafikiria baadaye, moja moja, na kila moja lilikuwa rahisi. Wakati ule alisikia sauti inatoka kifuani mwake, ile nzuri, ya kabati.

"Mtaa ni tambarare, Mzee."

Mzee Dilunga akainamisha kichwa kidogo. Midomo ilikuwa inataka kucheka.

"Hiyo ni ya spika, au ni ya kahawa?"

Alikuwa bado na nafasi. Na hapo ndipo ukweli wa mambo ulipo, alikuwa bado na nafasi, swali lenyewe lilikuwa limemfungulia mlango na kumshikia. Angesema ya spika, basi. Bwana Kapungu asingeelewa kitu.

"Ya kahawa," alisema Fikirini.

"Haya," alisema Mzee, akaiweka fimbo kwapani, akatembea.

Zilikuwa hatua tatu. Mama Tausi alikuwa amegeuka anachota mafuta. Fikirini aliziona zote tatu. Alikuwa na sauti kubwa kuliko zote katika mji mkuu wa Shwari, mdomo ulikuwa umefunguka, na hakuna kilichotoka. Hatua ya tatu Mzee hakuipata chini.

*

Walimtoa wasukuma mikokoteni kwa kamba za kufungia mizigo. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika paja, na mkono wa kulia, kwenye kiwiko na vidole viwili. Alikuwa ametapakaa ule uchafu, na wakati wanamlaza kwenye mkokoteni alikuwa anawaomba radhi kwa harufu.

Kesho yake saa tatu karatasi ilirudi kutoka dawatini. Fikirini aliisoma mara moja kimoyomoyo, akainywa tangawizi yake, akawasha mashine. Akatangaza kwamba mwananchi mzalendo, Mzee Dilunga, amejitolea kukagua miundombinu ya chini ya ardhi, na ameridhika.

Alidhani watamtukana. Alijiandaa kabisa, alitoka nje amekunja uso. Siku nyingine zote Mama Tausi alikuwa anamwita "we Fiki", anamtania kuhusu shati, anamwambia kama sauti ingekuwa nyama angeshanenepa. Siku ile alimfungia mihogo vizuri kwenye karatasi safi, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Karibu tena, Bwana Msomaji." Fundi saa alisimama kumpisha. Muuza magodoro alimvulia kofia. Mtaa mzima ulimheshimu, na heshima ile ilimkaa mwilini kama upupu. Alitamani mtu amrushie hata ganda la ndizi.

Chumbani kwake aliacha kunywa tangawizi. Sauti ikabaki nzuri vile vile. Hilo nalo lilimtia aibu.

Siku ya sita alikwenda hospitali. Alinunua machungwa, akazunguka jengo mara mbili, akaingia. Wodi ilikuwa na wagonjwa kumi na wawili, na Mzee Dilunga, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe, alikuwa anawachekesha. Fikirini alisimama nyuma ya nguzo akasikia anachowahadithia: jinsi yeye, mzee mzima mwenye kiburi, alivyokataa kushikwa mkono na watu akajitumbukiza mwenyewe. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema wazee ni wabishi kweli.

Fikirini alingoja mtu aisahihishe hadithi ile. Mtu pekee aliyeweza kuisahihisha alikuwa amesimama nyuma ya nguzo na machungwa. Hakuisahihisha. Alisogea, akasalimia, shikamoo Mzee, na Mzee akaitikia marahaba, akanyoosha mkono wa kushoto kupapasa kiti kilipo ili mgeni akae.

Walizungumza habari za chakula cha hospitali. Walizungumzia vidole, kwamba daktari anasema kusuka pengine, pengine sivyo. Fikirini alikuwa amekuja na maneno yake aliyoyapanga njiani, yamenyooka, yana mwanzo na mwisho, na kila alipoyafungua aliyasikia yana sauti ya saa tatu asubuhi. Akayarudisha. Akaanza kumenya chungwa.

Mzee akamwekea mkono kwenye goti.

"Sikulaumu, mwanangu, una bosi," alisema, taratibu, wengine wasisikie. "Ila nisaidie kitu kimoja. Nikitoka hapa, nitamuuliza nani?"

Fikirini alilimenya lile chungwa mpaka likaisha, akamwekea Mzee mkononi, akaaga.

*

Barua ya redio ilikuja Ijumaa. Jumatatu kukawa na hafla ya kumuaga hapo Mtaa wa Pongezi: Bwana Kapungu alikuja na wapiga makofi wake, wakapanda mpaka chumbani kwenye feni isiyozunguka. Fikirini alikuwa asome mara ya mwisho. Kwenye karatasi palikuwa na mtaa tambarare, mzee aliyeridhika na mfuniko unaoendelea vizuri na masomo.

Akawasha mashine. Ndugu wananchi, alisema, mbwa wa buchani akakaa. Kisha akaigeuza karatasi ikalala kifudifudi.

"Kuna shimo Mtaa wa Pongezi," alisema. "Lina kina cha mtu na nusu. Mzee Dilunga ametumbukia, amevunjika. Mimi ndiye niliyemwambia hakuna."

Spika nne ziliyapeleka maneno hayo pande zote nne za dunia. Fikirini akadhani sasa kuna kitu kimenyooka, akasogea dirishani kutazama.

Alichokiona ni watu wanacheka, wanapeana mikono. Fundi saa anamwambia muuza magodoro hatimaye wameziba, si umesikia mwenyewe. Wasukuma mikokoteni waliokuwa wanazunguka mtaa wa pili kwa mwezi mzima wakageuza vichwa. Mkokoteni mmoja wenye magunia ya mkaa ukaingia katikati ya barabara, unakwenda moja kwa moja, na jamaa anayeusukuma anapiga mluzi.

Fikirini akarudi mbio kwenye kipaza sauti. Akasema ni kweli, lipo, wasipite. Wakazidi kuja. Kadiri alivyokuwa anaapa ndivyo walivyokuwa wanafurahi, mama mmoja alifikia kuita wenzake, akisema kama wameapa basi wameweka na lami. Fikirini akakiacha kile kidude kinaning'inia, akashuka ngazi tatu tatu.

Bwana Kapungu ndiye aliyewaokoa. Alikidaka kile kipaza sauti, akafumba macho, akatoa tamko la serikali kwa sauti kali kwamba hakuna shimo, halijawahi kuwepo, na mtaa ni tambarare kuliko jana. Mtaa mzima ukasimama. Msukuma mkaa akakanyaga breki ya visigino, gurudumu limebakisha shubiri. Wote wakarudi nyuma, wakamshukuru Mungu, wakaendelea na zao.

Fikirini alipofika chini, anahema, mikono ameitanua, hakukuwa na wa kumzuia. Uongo umeshafanya kazi, tena vizuri, na kweli yake ilikuwa nusura iue. Alisimama ukingoni mwa chemba peke yake, juani, shati limechomoka kwenye suruali. Kwenye spika za juu ya paa Bwana Kapungu alikuwa anatangaza kwamba nafasi ya Msomaji iko wazi, na ya redio pia.

Angeondoka, lakini alikosa mahali pa kupeleka uso.

Kwa upande wa posta akatokea mtu na begi, si wa mjini, unamwona tu alivyokuwa anasoma vibao vya maduka mpaka mwisho. Hakujua kugeuza. Alikuwa amesikia mtaa ni tambarare, akaamini, akaja moja kwa moja. Fikirini akasogea akamsimamia mbele.

"Samahani, ndugu," alisema mgeni. "Nasikia hapa njia ni nzuri."

"Si nzuri," alisema Fikirini. Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza. "Kuna shimo. Pita kushoto."

Mgeni akamtazama usoni, hakupinda kitu, hakuchungulia kuhakikisha. "Asante, ndugu yangu," alisema, akapita kushoto. Fikirini akasikia masikio yanawaka moto. Hakuwahi kujua kwamba kuaminiwa kunauma namna ile.

Yule mgeni akageuka. "Na kule mbele je, hadi stendi? Kuko salama?"

Miaka tisa Fikirini alikuwa ameusoma ule mtaa asubuhi na alasiri, kona kwa kona, hadi stendi na kupita.

"Sijui," alisema. "Ngoja nikaangalie."

Akatazama shimo, akatazama nyuma. Mama Tausi alikuwa ameshasimama, anajifuta mikono kwenye khanga. Alikuja akasimama pale pale ukingoni, mahali pa tawi, hakumtazama usoni.

"Nenda," alisema. "Usichelewe, mihogo inaungua."

Akaenda mbele ya mgeni, kichwa ameinamisha, anatazama chini hatua kwa hatua. Waliomwona anapita walisema yule ni mtu mwenye aibu. Walisema kweli. Lakini pia alikuwa anaangalia njia.